Pai Niliyoioka Bila Kuonja

Doonside, Australia, Jumamosi mchana

Wairimu, mama,

Wewe na baba yako mmeenda Blacktown kununua lile koti la baridi ninalokukumbusha tangu mwezi jana. Mna saa mbili hivi, na kwa jinsi ninavyomjua baba yako atataka mpite mle chipsi, kwa hiyo niseme tatu. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko sebuleni karibu na mlango, limesimama kama mgeni aliyewahi mno. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuishi Hobart, na mimi nimekaa mezani jikoni na kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu enzi za kumwandikia shosho yako, mama yangu, barua.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, na kukisoma kunakuchosha. Soma kwa sauti basi. Ukisoma kwa sauti utanisikia. Nitaitia barua hii ndani ya sanduku, chini ya sweta, uikute ukifika huko, na ukikwama kwenye neno umpigie baba yako simu. Atafurahi kuulizwa.

Maagizo siandiki. Baba yako ameyaandika ukurasa mzima na kuubandika kwenye friji, kuanzia funguo mpaka namna ya kumwambia daktari unaumwa wapi. Amepigia mstari mambo kumi na moja. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakunja nguo zako kitandani. Baba yako alikuwa ameshalia mara mbili siku hiyo, mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya tangazo la mbwa kwenye televisheni. Ulimcheka, halafu ukanigeukia mimi.

"Mum," ukasema, "do you even feel anything?"

Kama mimi huwa nahisi kitu, chochote. Hukuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningekujibu, maana hasira naijua kuijibu. Uliuliza vile mtu anavyouliza kama duka limefungwa. Nami nikakuambia, "Soksi umepakia?"

Ukakunja fulana mbili. Kisha ukasema, taratibu, kwamba hata Shosho alipokufa sikulia. Kwamba ulikuwa na miaka kumi, na ulinitengenezea chai siku ile, na uliniona nikiimwaga kwenye sinki. Ukasema hayo na kuendelea kukunja nguo.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Nimeenda nayo kazini na kurudi nayo. Ile chai, Wairimu, nilikuwa nimeisahau kabisa. Wewe umeibeba miaka tisa na mimi nilikuwa nimeisahau, na sasa unaondoka kesho ukiamini kwamba mama yako hana kitu ndani. Sitaki uondoke na hilo. Lakini pia sitaki kukudanganya. Nikilitazama sanduku lako sasa hivi sihisi chochote. Najua napaswa kuhisi. Natafuta na sikuti, ni ganzi tupu, tangu kifuani mpaka tumboni.

Kwa hiyo nimeinuka nikatoa siagi kwenye friji ilainike. Naoka pai ya Mama Aino. Mikono yangu inaijua kazi hiyo hata kama mimi mwenyewe sipo, na nikiwa naoka labda nitaweza kukueleza.

Mama Aino ulimsikia tu jina, hukuwahi kumwona. Alikuwa mzee wangu wa Quakers Hill, Mfini, alikuja nchi hii kwa meli akiwa msichana mdogo kuliko wewe. Nilimhudumia miaka miwili, siku nne kwa wiki, mara tulipofika Australia. Ofisini, kwa waliotutuma kuhudumia wazee majumbani, waliniambia nimwite Aino tu, ndiyo desturi ya hapa. Ulimi ulikataa. Mtu wa miaka themanini na sita nitamwitaje jina lake kavu kama mwanafunzi mwenzangu? Nikamwita Mama Aino, na alipouliza maana yake nikamweleza, akakaa akilirudiarudia kama mtu anayejaribu kiatu. Baada ya hapo hakukubali mtu amwite vingine.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika yai. Kwenye karatasi ya kazi yangu waliandika kwamba nimsaidie kupika. Jumapili ya kwanza akaniambia tutaoka pai ya beri ya kwao, jina lake refu, mpaka leo ulimi wangu haujawahi kulifikisha mwisho. Yeye akae kwenye kiti, mimi niwe mikono. Akanielekeza nifungue kabati la juu, nitoe kichupa kidogo cha kahawia. Nilipokifungua nilishtuka. Ilikuwa iliki.

Lazima nikueleze kuhusu iliki. Shosho yako alikuwa na hoteli ndogo kule Nyahururu, meza tatu na benchi, na baridi ya Nyahururu unaijua, ulilia ulipoogeshwa mara ya kwanza kule. Alikuwa anachoma mandazi kabla hakujapambazuka, na iliki alikuwa anaitwanga mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Nguo zangu za shule zilinukia iliki. Wenzangu waliniita Mandazi, na sikuchukia, maana kila aliyeniita hivyo alikuwa na njaa. Sasa niko Quakers Hill, ng'ambo ya dunia, nimeshika kichupa cha mzungu kutoka nchi ya barafu, na ndani yake yumo mama yangu. Nikamuuliza Mama Aino kwao iliki wanaipata wapi. Akacheka, akasema kwao bila iliki hakuna kuoka, na yeye siku zote alidhani ni kitu chao.

Pai ya kwanza niliiharibu. Wewe unaijua mikono yangu, ni mikono ya chapati. Nilipochanganya siagi, sukari, yai na unga, nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: nikaukanda. Nikaukanda kwa uzito wangu wote, nikaupiga mezani, nikaukanda tena mpaka ukawa laini na wa kuvutika, nikajisifu moyoni. Mama Aino alikuwa ananitazama huku ameziba mdomo. Aliniheshimu mno hata asinikatize. Pai ilitoka ngumu, ukiigonga inalia kama mlango. Akaniambia unga ule hautaki nguvu. Unaubonyeza kwa vidole ndani ya bati, ufike kona zote, halafu unauacha. Mikono ikizidi unakasirika.

Sikuandikii hili kama fumbo la maisha. Ni unga tu. Ingawa nikikumbuka ule mwaka wa hisabati za ziada kila Jumamosi kule Seven Hills, na kule kukukazania kwangu kote, nadhani na wewe nilikukanda kama chapati. Hukuwa ngumu, bahati yangu. Ulikuwa kimya tu, nami nikadhani kimya ni kukubali.

Sasa hivi nimeubonyeza unga kwenye bati na kuuweka kwenye friji upumzike. Bluberi zimetoka kwenye mfuko wa barafu. Mama Aino alikuwa anazidharau bluberi za hapa. Alikuwa anaikata moja katikati na kunionyesha jinsi ilivyo nyeupe ndani. Zao ni nyeusi mpaka katikati, akasema, ukila unarudi nyumbani meno ya zambarau na mama yako anajua ulikuwa msituni. Lakini alizitumia hivyo hivyo. Nyunyizia unga wa viazi kidogo usije ukapata supu. Juu unamwaga yai lililopigwa na sukari na ile krimu chachu. Kwao hutumia maziwa ya kuganda, karibu sawa na mala yetu. Nilipomwambia hata sisi tuna mala alisema, "Basi wewe si mgeni."

Sasa nafika kwenye lenyewe.

Kila Jumapili nilipotoa pai kwenye oveni, Mama Aino alinituma nitoe sahani mbili. Na kila Jumapili nilirudisha moja kabatini. Kulikuwa na sheria: mfanyakazi asile chakula cha anayemhudumia, asipokee zawadi. Mwenzangu mmoja alipokea skafu ya sufu, akaitwa ofisini, hatukumwona tena. Sisi wakati huo karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, kila kitu chetu kilining'inia kwenye kazi ile. Kwa hiyo nilitabasamu nikasema, "Asante, nimeshiba." Saa tano asubuhi, nimekunywa maji tu tangu niamke. Nimeshiba.

Unajua kwetu maana yake nini kukataa chakula nyumbani kwa mtu. Ukikuta watu wanakula, unakula, hata kama ni tonge moja. Ukikataa unamwambia mwenye nyumba kwamba kuna kitu kati yenu. Nilijua hilo tangu sijaota meno. Na nilimfanyia mwanamke wa miaka themanini na sita, Jumapili baada ya Jumapili, akala peke yake huku mimi nikiosha vyombo nikimpa mgongo. Nimeoka pai ile mara mia kama si zaidi. Sikuwahi kuionja.

Halafu shosho yako akafa.

Hukuwa mdogo sana, unakumbuka. Unajua pia kwamba sikwenda kumzika. Kwa zile karatasi, kutoka ningetoka, kurudi hakukuwa na hakika, na ningewaacha wewe na baba yako huku. Watu wazima wote niliowauliza waliniambia nisiende. Nilifanya hesabu na hesabu ilikuwa sahihi. Mpaka leo sijapata kosa ndani yake, na mpaka leo inanikera.

Alizikwa Jumamosi. Binamu yangu alishika simu akatuonyesha. Kule kulikuwa mchana, huku jioni inaingia. Niliegemeza simu yangu kwenye pasi, juu ya meza ya kupigia nguo, chumbani, mlango nimefunga. Niliwaona watu wakiimba, nikaliona jeneza, na waliposhika kamba kuliteremsha, picha ikaganda. Shangazi mmoja amefungua mdomo, mkono wa mtu hewani. Nikangoja. Nikazima simu nikawasha. Picha iliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wamepanga foleni ya chakula, wali na nyama, wanaongea. Shangazi yule yule alikuwa anadai aongezewe mchuzi. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilisimama nikiwatazama wakila.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, nadhani. Nimejaribu wiki nzima kukumbuka na nimekumbuka hivi: ulikuwa umevaa gauni la kulalia lenye nyota, umeshika kikombe kwa mikono miwili, na sahani ya chini imejaa chai iliyomwagika njiani. Majani ya mfuko. Maziwa baridi yametiwa juu. Hukuwa umeruhusiwa bado kuwasha jiko, ulitumia birika la umeme. Ulisema, "Pole, Mum." Kwa Kiswahili. Ulilichagua neno la Kiswahili.

Nikasema asante, weka hapo. Nikakuuliza kama umemaliza kazi ya shule. Ulipotoka nikaibeba ile chai mpaka jikoni, na nikaimwaga. Sikujua kwamba uko nyuma yangu.

Nikueleze jina lako, kwa sababu nadhani sikuwahi kulieleza vizuri. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama yake baba. Lakini mama yake baba yako alikuwa na wajukuu watano wenye jina lake tayari, akasema huyu mpeni jina la yule wa Nyahururu, mimi nimetosha. Ndiyo maana wewe ni Wairimu kama mama yangu. Ndiyo maana nakuita mama. Si kukudekeza. Kwetu wewe ndiye yeye. Siku mama yangu anafukiwa ardhini, Wairimu mwingine alinijia na chai, na mimi nikaimwaga kwenye sinki nikafungulia bomba. Ningekuwa nimekaa nimepanga namna ya kukosea, nisingefaulu vile.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikaenda kazini. Hakuna aliyenilazimisha. Wangeniruhusu kukaa nyumbani, lakini nyumbani ningefanya nini? Nikamwogesha Mama Aino, nikamchana nywele, nikatoa siagi. Nilifungua kichupa cha iliki nikanusa kwa makusudi, nikingoja. Hakuna kilichokuja. Ilikuwa harufu tu. Hapo niliogopa kidogo.

Mama Aino alinitazama nikibonyeza unga. Akaniuliza nani amekufa. Sikuwa nimemwambia. Nikamwambia mama yangu, amezikwa jana, na nikaendelea kubonyeza. Pai ikaiva. Nilipoitoa, akasimama. Ilimchukua muda, kwa kile kigari chake cha kutembelea. Akaenda kabatini mwenyewe na mikono yake ile, akatoa sahani mbili, zikagongana njia nzima mpaka mezani. Akaniambia mama yake alikufa yeye akiwa hapa, kwenye kiwanda cha nguo, na habari zilimfikia kwa barua baada ya wiki tatu. Aliporudi kutoka kazini siku hiyo alioka pai, akaila yote peke yake kwa sababu hakukuwa na mtu. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa," akasema. "Kula."

Nikasema, "Asante, Mama Aino. Nimeshiba."

Akanitazama. Alikuwa na macho ya rangi hafifu sana, karibu ya maji.

"Hakuna mtu anayetoka kuzika akiwa ameshiba," akasema.

Nikaiosha sahani ambayo haikuwa chafu, nikairudisha kabatini.

Miaka mingi nilijiambia kuwa ni sheria. Nimekuandikia hata hapo juu kwamba ni sheria, na ilikuwepo kweli. Lakini jikoni mle tulikuwa wawili, na yule asingemwambia mtu. Si sheria. Niliogopa kwamba nikionja, nitakaa. Nikikaa nitalia. Nikilia sitaweza kusimama, na saa nane nilikuwa natakiwa Seven Hills kwa mzee mwingine, na jioni kulikuwa na nguo zako za shule za kupiga pasi. Nilisema moyoni nitalia baadaye. Hicho ndicho nilichofanya, Wairimu, si zaidi. Niliweka kando. Nilikuwa na nia kabisa ya kurudi.

Wewe unajua mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi. Haukuumi. Unakuuma ukianza kuamka, ndiyo maana mtu anaogopa kuusogeza. Mimi nimekaa bila kusogea miaka tisa, nikaenda kazini, nikapika, nikakupeleka shule, nikaimba kanisani. Na watu wakanisifu kwamba nina nguvu. Hata wewe ulinisifu, kwenye ile insha yako ya darasa la saba. Nilisoma insha ile nikaona ni ya mtu mwingine.

Baada ya siku ile Mama Aino hakutoa tena sahani ya pili. Alikuwa mpole kama zamani, hakununa. Aliacha tu kuuliza. Miezi michache baadaye nilifika Jumapili nikakuta nyumba imefungwa. Mwanawe alikuwa amemhamisha kwenda kukaa naye, mji mwingine, mbali. Ofisini walikuwa wamesahau kunipa habari. Kwenye ngazi kulikuwa na mfuko, na ndani yake lile bati la kuokea, lenye kona moja iliyobonyea, na kichupa cha iliki. Hakuna karatasi, mikono yake haikuweza kuandika. Nikalichukua. Ni sheria pekee niliyowahi kuivunja kwao. Sijui kama yu hai. Sikuwahi kumtafuta, na hilo nalo nakuandikia kwa sababu ni kweli.

Ndilo bati ambalo umelijua tangu utotoni. Ndiyo pai yako ya kila siku ya kuzaliwa, ile marafiki zako wa kanisani walikuwa wanaiita keki ya Mum ya ajabu. Miaka tisa nimekukatia kipande, nimemkatia baba yako, nimewakatia wageni. Na kila mwaka mmoja wenu amesema, "Mum, na wewe?" nami nikasema sipendi vitu vitamu. Baba yako huwaambia watu hivyo, kwamba mke wake hapendi sukari. Uongo mtupu. Shosho yako alikuwa ananificha sukari. Nilikuwa nalamba kijiko cha chai mpaka kinang'aa.

Nimeinuka kidogo, pai imeiva. Imetoka vizuri, kingo zimekuwa za dhahabu na katikati inatikisika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nimeiweka dirishani ipoe. Mama Aino alisema ukiikata ya moto inalia, na kweli ile zambarau inachuruzika yote.

Wakati inapoa nimeisoma barua hii tangu juu. Nimeona nilipoandika kwamba nitaitia kwenye sanduku uisome Hobart. Nimejiuliza kwa nini Hobart. Kwa nini si leo, hapa, ukiwa chumba cha pili? Jibu lilikuwa rahisi na halikunipendeza. Nilitaka uisome mahali ambapo sitauona uso wako, na wewe hutauona wangu. Hiyo ni "nimeshiba" nyingine tu, yenye stempu.

Kwa hiyo haiingii kwenye sanduku. Utaikuta mezani, chini ya bati. Bati lenyewe ni lako. Tukimaliza pai ulioshe ulibebe, na iliki nimeifunga kwenye karatasi, iko kwenye mfuko wa mbele wa sanduku. Huko Hobart watu husema beri ni nyingi na nzuri. Ukipata zilizo nyeusi mpaka ndani nipigie.

Nimesimama nikatoa sahani. Nimekata kipande, cha kona, upande uliobonyea. Nimekaa kwenye kiti. Nimekula.

Nilidhani nitalia. Nikuambie ukweli, sikulia. Nilitafuna. Iliki ilikuja kwanza, kisha siagi, kisha uchachu wa zile beri, na nikaona meza tatu na benchi, na mama yangu amenipa mgongo anageuza mandazi. Sikuhisi huzuni. Nilihisi njaa. Njaa kubwa, ya zamani, mpaka nikashika meza. Nikakata kipande cha pili.

Ni tamu sana, Wairimu. Miaka yote hiyo hamkuniambia ni tamu hivi. Au mliniambia.

Swali lako la Jumapili sina jibu lake zuri. Nimeanza kuwashwa kidogo mahali fulani, kama ule mguu, na sijui kesho pale uwanja wa ndege itakuwaje. Huenda nitasimama kama gogo tena na kukuuliza habari za soksi. Ukiona hivyo usidhani hakuna kitu. Lakini usinivumilie pia. Niulize tena kama ulivyoniuliza, na ukiona nakwepa, niulize mara ya tatu.

Nasikia gari linaingia. Baba yako anacheka, kwa hiyo koti mmepata.

Utakuta vipande viwili havipo. Ni mimi. Kata chako, kaa usome, na usifanye haraka. Ukimaliza njoo unitengenezee chai, mama. Ya majani ya mfuko, maziwa baridi juu, vile vile ulivyoitengeneza. Nitakuwa hapa hapa jikoni, na nitainywa yote.

Mama yako